Video Inaisha, Waya Unabaki

Ile video umeshaiona. Labda si hiyohiyo ninayoifikiria mimi, ila zote ni ndugu. Mtoto amepakatwa na mama yake, nyuma ya sikio amevalishwa kidude chenye waya mfupi. Mtaalamu anabonyeza kitu kwenye kompyuta. Mtoto anaacha kuchezea mdoli, macho yanamtoka, anageuka kumtafuta anayemwita. Mama analia. Baba anajifanya anatazama dirishani. Chini pameandikwa "amesikia kwa mara ya kwanza", na kwenye maoni watu wamejaza mioyo na "Mungu mkubwa". Dakika moja na nusu, kwisha.

Mimi nikiitazama nalia, tena kila mara, kwa hiyo usije ukadhani nimekuja kuwabeza wazazi wale. Nimekuja kuihakiki video kama mtu anavyohakiki filamu au riwaya: inasimulia nini, inakatia wapi, na nani anabaki nje ya picha. Inastahili uhakiki huo, kwa sababu kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo elimu yote watakayoipata kuhusu kipandikizi cha koklea, yaani kile kifaa cha usikivu kinachowekwa kwa upasuaji. Tangu Muhimbili waanze upasuaji huo mwaka 2017 (kabla ya hapo serikali ilikuwa ikipeleka wagonjwa India), video za namna hii zimeongezeka, na taarifa za habari zinafuata mtindo uleule: gharama, machozi, shukrani. Sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili nasi hatujafanya vizuri zaidi. Tumezoea kuandika kuhusu "kompyuta ndani ya sikio" bila kugusa waya hata kwa sentensi moja.

Na hapo ndipo ninapogombana na video. Sehemu ngumu ya kipandikizi, inayovunja vichwa vya wahandisi na inayokuja kuvunja mioyo ya wazazi, ni waya. Sisi tumekisimulia kama kisanduku.

Wazo hili sikulitoa kitabuni. Lilikuja kwa simu ya kaka yangu, ambaye ni mkulima wa karoti na kabichi juu ya Lushoto, njia ya kwenda Mlalo. Binti yake alipandikizwa akiwa na miaka mitatu, na video yake ipo kwenye grupu la familia hadi leo. Miaka miwili baadaye, mwezi wa nne, masika imekolea na ukungu haupandi hadi saa tano asubuhi, kaka akapiga. "Mdogo wangu, si wewe unayesomea mambo ya vyuma? Mtoto hasikii tena."

Taa ya kifaa ilikuwa inawaka. Betri zilikuwa mpya. Tukahangaika kwa simu karibu saa nzima, toa hiki, weka kile, mpaka tukamkamata mhalifu: ule waya mfupi wa nje unaotoka kwenye kidude cha nyuma ya sikio hadi kwenye kisahani kinachoshikwa na sumaku kichwani. Ni waya usiofika hata urefu wa kalamu. Kaka akaupeleka kwa fundi simu pale mjini, kijana hodari kweli, amewahi kufufua simu zilizotumbukia chooni. Fundi akaupasua, akatazama, akasema, "Braza, hizi si nyaya, hizi ni nywele." Akapiga lehemu hivyohivyo. Ukafanya kazi siku nne, ukaanza kukatakata kama redio mbovu, ukafa moja kwa moja.

Waya mwingine ukaagizwa kupitia wakala, ambaye sitamtaja. Aliahidi wiki tatu. Ilikuwa miezi mitatu, na bei yake ilikula karoti za nusu msimu. Kwako wewe na mimi miezi mitatu ni muhula mmoja. Kwa mtoto wa miaka mitano ambaye ubongo wake ndio kwanza unajifunza kutofautisha "pa" na "ba", ni muda mrefu mno.

Sasa tuingie ndani ya kichwa, maana huko kuna waya mwingine, na ukiuelewa huo utaelewa kwa nini video inanikera.

Koklea ni sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la gamba la konokono, mizunguko kama miwili na nusu, ukubwa wa punje ya njegere. Sikio zima lina chembe zenye vinyweleo kama 15,000 humo ndani, na kazi ya chembe hizo ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme ambazo neva inazipeleka kwenye ubongo. Kwa viziwi wengi chembe hizo zimekufa au hazikuumbika sawasawa, lakini neva ipo na inangoja. Kipandikizi kinazipita chembe. Sehemu ya nje inasikia na kuchambua sauti, inarusha mawimbi ya redio kupitia ngozi, sehemu iliyo chini ya ngozi inayapokea, kisha inapeleka mikondo midogo ya umeme kwenye elektrodi zilizopangwa mstari ndani ya koklea. Aina moja ina elektrodi 12, nyingine 16, nyingine 22. Kila elektrodi ina waya wake.

Waya huo ni aloi, platinamu sehemu tisa na iridiamu sehemu moja, na unene wake ni kama maikroni 25. Unywele wako una unene wa mara mbili au tatu ya hapo. Kila waya umepakwa utando mwembamba wa plastiki ili usigusane na jirani yake, halafu wote kwa pamoja wamelazwa ndani ya silikoni laini. Fundi wetu hakukosea sana. Tena yeye aliona waya wa nje, ulio mnene. Huu wa ndani angeudhania ni vumbi.

Kuna hadithi moja kuhusu waya huu ambayo waandishi wa sayansi wanaipenda, na kwa kweli ni nzuri. Mwaka 1977, daktari Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alikuwa na tatizo ambalo halikuwa la umeme hata kidogo: angesukumaje fungu la nyaya kwenye mzingo unaozidi kubana bila kuchana kuta zake? Akiwa mapumzikoni ufukweni, akaokota gamba la konokono wa baharini na jani la nyasi. Akalisukuma jani ndani. Likazunguka na gamba, likaingia vizuri. Jani la nyasi ni gumu kwenye shina na linazidi kulainika kuelekea nchani, na elektrodi nazo zikatengenezwa kwa kufuata sifa hiyo. Mwaka 1978 alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Rod Saunders.

Ukiwa Lushoto unaweza kujaribu mwenyewe. Misitu ya Usambara ina konokono wengi, wengine hawapatikani popote pengine duniani, lakini hao waache. Gamba tupu la konokono wa bustanini linatosha. Chukua waya wa shaba ulionyooka, usukume: utagota kwenye kona ya kwanza. Chukua jani la nyasi, tanguliza ncha: litaingia. Dakika mbili tu, na umeelewa jambo ambalo video elfu moja hazitakueleza, kwamba kitu kinaweza kuwa kigumu upande mmoja na laini upande mwingine, na kwamba mabadiliko yakiwa ya taratibu hakuna mahali pa kuvunjikia. Likumbuke jani hili, tutalirudia.

Hata hivyo nayo ina kasoro yake. Inaishia ufukweni. Tuna mtu mmoja, gamba moja, jani moja, halafu tunarukia mgonjwa anayesikia. Hapo katikati kuna watu ambao hadithi haiwataji kabisa. Fungu lile la elektrodi linaunganishwa kwa mikono, chini ya hadubini, Sydney kwa kampuni moja na Innsbruck kwa nyingine, na wafanyakazi wengi wa kazi hiyo ni wanawake. Mtu anachukua waya usioonekana vizuri kwa macho, anauchomea kwenye kipande cha platinamu, anaulaza, anachukua wa pili, hadi wafike ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja uliokunjika. Ukiwahi kumtazama msusi anavyoshika nyuzi za rasta huku anapiga soga, vidole vinajua vyenyewe, una picha ya kazi ile. Roboti zipo, zinaunganisha magari mazima, ila kwa sehemu kubwa ya kazi hii bado hatujapata kitu kinachoshinda vidole vilivyofundishwa kwa miezi mingi.

Hapo pia pana jibu la swali ambalo kaka aliniuliza kwa hasira: ni dhahabu gani hiyo wanayoweka humo? Si dhahabu, wala si bei ya madini. Platinamu iliyomo ni kidogo mno. Unacholipia ni mikono, majaribio, vipande vinavyokataliwa, na ukweli kwamba watengenezaji wakubwa duniani wanahesabika kwa vidole. Platinamu yenyewe inachimbwa kwa wingi kuliko popote Afrika Kusini. Inapanda meli kutoka kwetu, inarudi ikiwa ndani ya boksi dogo la kuua mifuko. (Waya kupanda Usambara ukitoka mbali si jambo geni. Misafara ya karne ya 19 iliyopita bonde la Pangani ilibeba mizunguko ya waya wa shaba na wa chuma pamoja na vitambaa na shanga, na waya ulikuwa mali ya kununulia vitu. Basi, bado tunanunua.)

Kwa nini wasitumie shaba, ambayo ni rahisi na inapitisha umeme vizuri kuliko platinamu? Shuleni ndivyo tulivyofundishwa: kipitishi kizuri ni shaba, kihami ni plastiki, funga daftari. Fizikia yetu ya sekondari inafanya kosa lilelile la video, inaonyesha umeme kwenye ubao mkavu. Mwili si mkavu. Mwili ni maji ya chumvi.

Fanya hivi. Chukua lita moja ya maji, tia kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, hapo umekaribia chumvi ya majimaji ya mwilini, gramu tisa kwa lita. Mimina kwenye glasi. Chukua nyaya mbili za shaba zilizochunwa na betri mbili za tochi zilizofuatana, ingiza nyaya kwenye maji bila kugusana. (Betri za tochi tu, tafadhali, umeme wa ukutani utakuua. Na dirisha liwe wazi.) Waya mmoja utatoa mapovu. Mwingine utaanza kuliwa, na maji yatachafuka. Kile kinachochafua maji ni shaba iliyoacha waya ikaingia kwenye glasi. Sasa glasi iwe koklea ya mtoto, na uchafu ule uwe sumu pembeni ya neva.

Platinamu inavumilia, lakini nayo haiwi salama kwa sababu tu ni ghali. Ukiupeleka mkondo upande mmoja bila kuurudisha, hata platinamu itatoa mapovu na kuchafua. Kwa hiyo kila pigo la umeme lina nusu mbili: mkondo unasukumwa kwa makumi ya maikrosekunde, kisha kiasi kilekile kinavutwa kurudi. Wazee wa Usambara waliopasua mbao porini watakuelewa haraka. Msumeno wa watu wawili, huyu anavuta, yule anavuta, mwisho wa siku hakuna aliyebaki na msumeno upande wake. Kemia inayoanza kwenye nusu ya kwanza inarudishwa na nusu ya pili kabla haijakomaa. Mapigo hayo ni mamia kwa sekunde katika kila elektrodi, mchana kutwa, kwa miaka.

Halafu kuna unyevu. Hapa Lushoto inanisaidia kueleza kitu kilichonisumbua muhula mzima darasani. Watu wanadhani silikoni inazuia maji kama koti la mvua. Maji ya kawaida ndiyo, ila mvuke unapita, unapita kweli kama ukungu unavyoingia nyumba za kwetu asubuhi, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na blanketi lina unyevu. Basi nyaya zinapona vipi? Zinapona kwa sababu mvuke peke yake hauna madhara makubwa; madhara yanakuja ukipata nafasi ya kugeuka matone. Silikoni ikishikana na waya kila mahali, bila pengo hata dogo, mvuke unapita bila pa kukaa. Pakiwa na kijishimo kimoja, hata cha kiputo cha hewa kilichobaki wakati wa kumimina, maji yanajikusanya hapo, umeme unapata njia ya mkato, na kutu inaanza kazi. Kwa hiyo anayeunganisha kwa mkono chini ya hadubini halindi waya kwa unene wa silikoni. Analinda kwa usafi. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu kazi ya siku tatu.

Na hata kisanduku kinachosifiwa hakisalimiki na unyevu. Septemba 2011 kampuni ya Cochlear ya Australia iliondoa sokoni yenyewe vipandikizi vya familia ya CI500, kwa sababu baadhi vilipoteza uzibaji wake na unyevu ukaingia. Siwatangazii ubaya, waliondoa kwa hiari. Ninachosema ni kwamba maji ndiyo adui, na hakuna video hata moja niliyoiona yenye neno "unyevu".

Tuhame sikio kidogo, twende moyoni, kwa sababu huko ndiko lugha yetu yenyewe inapojishitaki. Kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inawawekea wagonjwa pale Dar, sisi mtaani tunakiitaje? Betri ya moyo. Betri! Wakati betri imekaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, imetulia tuli, na kazi ya kutisha anaifanya waya unaoshuka kupitia mshipa hadi ndani ya moyo.

Piga hesabu. Moyo ukidunda mara 72 kwa dakika, ni zaidi ya mara 100,000 kwa siku, karibu milioni 38 kwa mwaka. Kila pigo linaupinda waya. Chukua kibanio cha karatasi, kikunje na kukikunjua: mara kumi, ishirini, kimekatika. Hiyo inaitwa uchovu wa metali, na jina linafaa kabisa. Mgonjwa wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, Arne Larsson, alipasuliwa Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, na kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu. Aliishi hadi 2001 na kupitia vifaa 26. Kwenye miaka ile ya mwanzo kukatika kwa nyaya kulikuwa shida kubwa ya wahandisi. Walichofanya ni kuusokota waya kama springi, ili mpindo mmoja mkali ugawanywe kwa mizunguko mingi inayopinda kidogo kidogo, na kutafuta aloi ngumu za nikeli, kobalti, kromiamu na molibdenamu.

Hata hivyo nyaya zimeendelea kuwaangusha wakubwa. Oktoba 2007 Medtronic walisimamisha uuzaji wa waya wao uitwao Sprint Fidelis, uliotumika kwenye vifaa vya kushtua moyo. Ulikuwa mwembamba, ulisifiwa kwa wembamba wake, na ulikuwa ukikatika. Wakati huo watu takriban 268,000 walikuwa wameshawekewa duniani. Miaka michache baadaye waya wa Riata wa St. Jude ukaonyesha kituko kingine: nyuzi za ndani zilikuwa zikikereza silikoni kutoka ndani hadi zinatokeza nje. Katika visa vyote viwili mashine zenyewe hazikuwa na kesi.

Mfano mwingine ninaupenda zaidi. Kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan unaokusanya vifaa vya mapigo ya moyo vya marehemu, kwa ridhaa ya familia, unavisafisha na kuvipima ili wapewe wagonjwa wa nchi zisizomudu vipya. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Vifaa vilikuwa vya marehemu, lakini nyaya zilikuwa mpya. Betri inaweza kurithiwa. Waya hauwezi, kwa sababu umeshashikana na nyama ya moyo, kuutoa ni kuuharibu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia umebakiza mipindo milioni ngapi.

Turudi Lushoto, kwa waya uliokufa. Nilimwomba kaka asiutupe, nikauchukua Pasaka ilipoisha na kuuweka chini ya hadubini maabara. Waya wa nje unaweza kuwa wa shaba, kwa kuwa haugusi maji ya mwili, na huu ulikuwa nyuzi nyembamba za shaba. Hazikukatika kwa pamoja. Zilikatika moja baada ya nyingine, mahali pamoja, pale waya laini unapoingia kwenye plagi ngumu ya plastiki, milimita mbili tu. Jani la nyasi limegeuzwa kinyume: ugumu wote upande huu, ulaini wote upande huu, na katikati hakuna taratibu yoyote. Chaja yako ya simu ikikatika inakatikia hapohapo, kaangalie.

Na lehemu ya fundi? Lehemu ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, ikipoa inazifanya fimbo. Mpindo ukahamia milimita chache mbele, mwisho wa fimbo, na kila mtoto alipogeuza shingo nyuzi zikaendelea kukatika. Fundi hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia, na sisi tunaojua tulikuwa tunaandika kuhusu kompyuta ndani ya sikio.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya ile video ni hii. Picha zake ni za kweli, na inachoshuhudia ni kweli: mtoto amegundua sauti. Lakini maandishi ya chini yanadanganya. Kugundua sauti si kuielewa. Watu wazima waliosikia zamani wakaja kupandikizwa husimulia kwamba mwanzoni sauti inafanana na roboti, au katuni, na inachukua wiki na miezi ya kurekebishiwa kifaa na mazoezi kabla maneno hayajawa maneno. Kwa mtoto ni miaka. Video inatupa swichi, kabla na baada. Mzazi anayeitazama akiwa Mlalo anaweka nadhiri ya kukusanya fedha za upasuaji, na hakuna aliyemwambia aweke na za nyaya, na za nauli ya kushuka Mombo, na siku nzima ya basi hadi Dar kila kifaa kinapohitaji kurekebishwa.

Na inafanya kosa moja ambalo siwezi kulisamehe. Inafanya uziwi uonekane kama giza lililokwisha. Kaka na wifi waliambiwa, na mtu ambaye nia yake ilikuwa njema, waache kutumia ishara ili mtoto azoee kusikia. Waya ulipokatika wakabaki wameshika mikono mitupu, maana maneno mtoto alikuwa hana ya kutosha na ishara walikuwa wameziua wenyewe. Bahati nzuri Magamba, hapo juu kidogo ya Lushoto mjini, palikuwa na Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kilichojulikana kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu, na walimu wa namna hiyo bado unawakuta kwenye milima hii. Mmoja alikuwa akija Jumamosi na kuwafundisha familia nzima Lugha ya Alama, bibi akiwemo. Bibi ndiye aliyeshika haraka kuliko wote. Mimi sioni kwa nini mtoto asipewe vyote viwili tangu siku ya kwanza. Lugha ya Alama haina plagi.

Ningekuwa mhariri wa video hizi nisingekata machozi. Ningeongeza dakika moja. Ningeonyesha baba anavyouzungusha waya kidogo nyuma ya sikio usipinde kwa ghafla kwenye plagi. Ningeonyesha kopo la kukaushia usiku, lenye vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi la viatu, ambavyo Lushoto vinajaa unyevu mapema kwa hiyo lazima vibadilishwe mara kwa mara. Ningemwonyesha mama yule wa Innsbruck au Sydney chini ya hadubini, jina lake likiwa limeandikwa.

Waya mpya ulifika mwezi wa saba na basi la jioni, umefungwa kwenye nailoni ndani ya bahasha iliyolowa pembeni. Kaka hakurekodi video. Alinipigia usiku, nikasikia nyuma yake mtoto anabishana na bibi kuhusu uji, kwa mdomo na nadhani kwa mikono pia, na yeye akaniuliza kitu kimoja tu: wa akiba tunauagiza lini, kabla ya vuli au baada?